Sinagogi ya Nairobi: jumuiya iliyoitangulia Israel kwa miaka 44

Ukipanda matatu kutoka Westlands kwenda mjini, gari hupunguza mwendo likifika kwenye mzunguko wa Uhuru Highway na University Way. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo hapo, na juu ya vichwa vya abiria inapita ile barabara ya kulipia. Pembeni, nyuma ya ukuta na miti, kuna jengo ambalo watu wamelipita maelfu ya mara bila kujua ni la nani. Nimesikia likiitwa ubalozi. Nimesikia likiitwa nyumba ya Freemason. Siku moja abiria aliyekaa mbele yangu alimweleza mwenzake, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba hapo ndipo serikali ya Israel inapoendeshea mambo yake Kenya. Mwenzake aliitikia kwa kichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye nauli.

Jengo hilo ni sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Wenyewe wanajiita Nairobi Hebrew Congregation, na jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1904. Nairobi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitano tu wakati huo, ikihesabiwa tangu reli ilipofika mwaka 1899. Taifa la Israel halikuwapo. Lilitangazwa Mei 1948, yaani miaka 44 baadaye. Tarehe hizo mbili peke yake zinatosha kuonyesha kwamba maelezo ya yule abiria hayasimami. Lakini mkanganyiko wenyewe si wake peke yake. Kila vita vya Mashariki ya Kati vinapoingia kwenye habari, maneno Myahudi, Muisraeli, Mzayuni na sinagogi huchanganywa kama mboga za sufuria moja. Afadhali tuyatenganishe kwanza, ndipo historia ya jumuiya hii ieleweke.

Maneno yanayochanganywa

Myahudi ni mtu wa ukoo na dini ya Kiyahudi. Kwa sheria yao ya kale, aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi, na aliyeingia katika dini hiyo kwa utaratibu wake naye ni Myahudi kamili. Muisraeli ni raia wa nchi iitwayo Israel. Katika raia hao, takriban mmoja kati ya watano ni Mwarabu, na wengi wa Waarabu hao ni Waislamu. Kwa hiyo kuna Waisraeli wasio Wayahudi, na kuna mamilioni ya Wayahudi wasio Waisraeli, hasa Marekani. Mzayuni ni mfuasi wa fikra ya kisiasa, iliyopata nguvu Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, kwamba Wayahudi wawe na nchi yao. Wapo Wayahudi waliokuwa Wazayuni na wapo walioipinga fikra hiyo tangu siku ya kwanza. Mtu wa Lamu akiswali huelekea Makka, lakini hilo halimpi pasipoti ya Saudia wala halimfanyi ajibu kwa maamuzi ya Riyadh.

Na hilo neno "Hebrew"? Maana yake ni Kiebrania au cha Waebrania. Wakati wa himaya ya Uingereza ilikuwa desturi ya kawaida kwa jumuiya za Wayahudi kujiita hivyo. Bulawayo ilikuwa na Hebrew Congregation yake, na Livingstone pia. Ni jina la zama zake, kama vile vyama vingi vya watu wa bara Hindi mjini Nairobi bado vina majina yanayotokana na ramani ambazo zimeshabadilika.

Sinagogi ndilo neno tunalolijua zaidi, kwa kuwa limo katika Biblia ya Kiswahili: Yesu anaingia katika sinagogi ya Nazareti, anapewa chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya, anasoma. Lakini wengi hulichanganya na hekalu. Hekalu lilikuwa moja, Yerusalemu, mahali pa makuhani na sadaka za kuteketezwa, na Warumi walilibomoa mwaka 70. Sinagogi zilikuwapo kabla ya hapo na ziliendelea baadaye. Neno lenyewe ni la Kigiriki na maana yake ni kukusanyika. Kwa Kiebrania huitwa nyumba ya kukusanyikia. Hakuna madhabahu ya kuchinjia ndani yake, hakuna sadaka ya damu. Kiongozi wake, rabi, si kuhani. Ni mwalimu na mwanasheria wa dini, yuko karibu zaidi na sheikh kuliko padri, na sala inaweza kuongozwa na muumini yeyote anayeijua vizuri.

Jambo moja ambalo sinagogi haiwezi kulikosa ni watu kumi. Sala kamili ya pamoja, pamoja na usomaji wa Tora, yaani Torati, hadharani na ile sala inayosomwa na waliofiwa, inahitaji Wayahudi kumi waliofikia umri wa kubeba wajibu wa dini. Kundi hilo la kumi huitwa minyani. Kwa jumuiya za mkondo wa Orthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za kale bila kuzilegeza, na ya Nairobi ni mojawapo, wanaohesabiwa ni wanaume kuanzia miaka 13. Mikondo mingine huhesabu na wanawake. Wakiwa tisa, hata awepo rabi bingwa na jengo la marumaru, baadhi ya sala hazisomwi. Wakiwa kumi chini ya mwembe, zinasomwa. Mimi naona hapa ndipo ulipo ufunguo wa historia yote ya jumuiya hii, kwa sababu katika mji kama Nairobi wa mwaka 1904 kupata jengo kulikuwa rahisi kuliko kupata watu kumi.

"Mpango wa Uganda" haukuwa Uganda

Sasa tuje kwenye fundo kubwa kuliko yote. Mitandaoni kila baada ya miezi michache huzuka habari kwamba Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi nchi ya Uganda. Waganda hushangaa, Wakenya hucheka, na wengine huongeza kwamba sinagogi ya Nairobi ni mabaki ya mpango huo. Kuna kweli ndani yake, lakini imekaa upande usio wake.

Aprili 1903, katika mji wa Kishinev, wakati huo chini ya Urusi, Wayahudi 49 waliuawa katika ghasia za siku chache, nyumba na maduka yao yakavunjwa. Habari hizo zilitikisa Ulaya. Kiongozi wa harakati ya Uzayuni, Theodor Herzl, alikuwa akibisha hodi kila mlango kutafuta mahali pa kuwakimbizia watu wa Urusi. Mlango mmoja ulikuwa wa Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amezuru Afrika Mashariki na kupanda reli mpya. Reli hiyo ilikuwa imekula fedha nyingi za walipa kodi wa Uingereza na ilihitaji abiria na mizigo. Chamberlain akapendekeza ardhi.

Ardhi iliyotajwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, kama maili za mraba 5,000, yaani eneo la Eldoret ya leo na viunga vyake. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka ulipohamishwa na eneo lote kuingizwa katika himaya ya Afrika Mashariki, nchi inayoitwa Kenya leo. London ramani zilibadilika lakini midomo haikubadilika. Hata reli yenyewe, iliyotoka Mombasa hadi Kisumu, iliitwa Reli ya Uganda. Jina "Mpango wa Uganda" likaganda hivyo hivyo, na kosa la makarani wa London tunalirithi hadi leo.

Agosti 1903 Herzl aliupeleka mpango huo mbele ya mkutano mkuu wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi. Kura zilizotaka tume itumwe kuikagua ardhi zilikuwa 295, zilizopinga 178, na wengine wengi hawakupiga kabisa. Wajumbe wa Urusi, watu ambao mpango uliletwa kwa ajili yao, walitoka nje ya ukumbi kwa uchungu. Hata wajumbe wa Kishinev walipinga. Kwao, nchi nyingine yoyote nje ya Yerusalemu na viunga vyake ilikuwa ni kuachana na sala za miaka karibu 2,000. Herzl alifariki Julai 1904 akiwa na miaka 44. Tume ya watu watatu ilifika, ikazunguka uwanda huo mwishoni mwa 1904 na mwanzoni mwa 1905, ikarudi na ripoti isiyotia moyo, na mkutano wa 1905 ukaukataa mpango moja kwa moja.

Kuna waliopinga huku pia. Walowezi wa Kizungu waliokuwa wachache bado, wakiongozwa na Lord Delamere, walipiga kelele hadi kwenye magazeti ya London. Hawakutaka Wayahudi maskini wa Urusi wawe majirani zao. Lakini katika kelele zote hizo, za Basel, za London na za Nairobi, hakuna aliyewauliza Wanandi. Nao hawakuwa kimya. Walikuwa wakipigana na Waingereza tangu miaka ya 1890, na Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya mpango kukataliwa, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi. Ardhi iliyokuwa ikigawanywa kwenye meza za Ulaya ilikuwa na wenyewe, na hili ndilo jambo ambalo simulizi nyingi za mpango huo huliruka, ziwe zimeandikwa na Wazungu, Wayahudi au sisi wenyewe. Kuanzia 1908 uwanda huo ulipewa Makaburu kutoka Afrika Kusini. Mji wao ulianzia kwenye kiwanja namba 64, na ndiyo maana wazee wa Eldoret waliuita Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi ya huku.

Kwa hiyo hakuna hata familia moja iliyowekwa Uasin Gishu na Mpango wa Uganda. Sinagogi ya Nairobi haikujengwa na Herzl wala na Chamberlain. Lilichofanya lile pendekezo ni kulitupa jina la Afrika Mashariki kwenye mazungumzo ya Wayahudi waliokuwa wakitafuta pa kwenda, na wachache wakaja kwa miguu yao wenyewe, kwa nauli zao wenyewe, kutafuta riziki kama Mgujarati na Mgoa waliokuwa wakishuka kwenye meli hizo hizo.

Magodoro ya nyasi

Mmoja wao alikuwa Abraham Block. Alizaliwa Lithuania, akapitia Afrika Kusini, akafika huku mwaka 1903. Inasimuliwa kwamba baada ya kuhangaika na kilimo aliona pengo ambalo wengine hawakuliona: wageni wanakuja, vitanda viko, magodoro hakuna. Akaanza kushona magodoro ya kujazwa nyasi kavu na kuyauza. Mwaka 1904, siku ya Krismasi, hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi. Mwaka 1927 Block aliinunua. Leo ukisimama kwenye geti la sinagogi, Norfolk iko mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Hoteli na jumuiya vilizaliwa mwaka mmoja, vikazeeka pamoja kwenye mtaa mmoja.

Hao ndio aina ya watu waliokuwa wakihesabiana hadi kumi: mfanyabiashara, fundi, mwenye duka, mkulima aliyetoka Nakuru au Kiambu kwa sikukuu. Sala zao za mwanzo hazikuwa na jengo maalumu. Jiwe la msingi la sinagogi ya kwanza liliwekwa mwaka 1912, na aliyeliweka alikuwa gavana, Sir Percy Girouard. Hapo nisimame kidogo, kwa kuwa si jambo dogo. Gavana kuja kuweka jiwe maana yake ni kwamba jumuiya hii, ingawa ndogo na ya watu waliokimbia dhuluma, ilihesabiwa upande wa Wazungu katika koloni lililogawanya watu kwa rangi. Walipata viwanja na mashamba ambayo Mwafrika na Mhindi walinyimwa. Mtu anaweza kuwa mnyonge Kishinev na mwenye haki ya ziada Nairobi, katika maisha hayo hayo. Kuieleza historia yao kwa upande mmoja tu wa hiyo mizani ni kuipunja.

Wimbi la pili lilikuja na Hitler. Baada ya usiku wa Novemba 1938, sinagogi zilipochomwa moto Ujerumani na Austria, familia zilizoweza kutoka zilikwenda popote palipozipokea. Kenya ilipokea mamia. Baadhi waliletwa na kampuni iliyoundwa kuwafundisha kazi ya shamba, Plough Settlements Association, na hapo ungemkuta wakili wa mjini ambaye hajawahi kushika jembe akifundishwa kukamua ng'ombe. Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza waliwakamata wengi wao kwa muda. Sababu? Walikuwa na karatasi za Ujerumani, kwa hiyo ni raia wa adui. Watu waliomkimbia Hitler wakafungiwa kwa kuwa Wajerumani. Walipoachiwa walirudi kazini, wengine wakajiunga na jeshi la Uingereza. Katika sinagogi ya Nairobi idadi ya watu haikuwa tatizo tena. Jengo la 1912 likawa dogo.

Jengo tunaloliona leo lilifunguliwa mwaka 1955. Mwaka huo huo Israel Somen, mmoja wa viongozi wa jumuiya hii, akawa meya wa Nairobi. (Israel hapo ni jina lake la kuzaliwa, jina la mtu, kama Ismaili au Yakobo.) Ulikuwa pia wakati wa hali ya hatari, ile iliyotangazwa na Waingereza kupambana na Mau Mau. Mwaka mmoja kabla, Aprili 1954, jeshi lilikuwa limeuzingira mji na kuwachukua Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu kwenda kambini. Mafundi waliopandisha kuta za sinagogi hiyo waliishi Nairobi ya vitambulisho na vibali. Hilo nalo limo ndani ya kuta zake, kama lilivyomo ndani ya kuta za kila jengo kubwa la Nairobi la miaka hiyo, makanisa yakiwemo.

Ndani kuna nini?

Hapa ndipo uvumi unapostawi, kwa sababu ya ukuta na mabawabu. Ukweli ni kwamba ndani ya sinagogi hakuna siri. Hakuna sanamu wala picha ya Mungu. Kuna viti, kuna jukwaa la kusomea, na ukutani kuna kabati lenye pazia. Ndani ya kabati hilo kuna kitu chenye thamani kuliko jengo zima: magombo ya Tora, vitabu vitano vya Musa, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati.

Gombo moja huandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya unyoya na wino mweusi, juu ya ngozi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Lina herufi 304,805. Mwandishi mzoefu huchukua kama mwaka mzima. Herufi moja ikikosekana au ikipasuka, gombo halisomwi hadi litengenezwe. Hakuna irabu zilizoandikwa wala alama za kituo, kwa hiyo anayesoma lazima awe amejifunza kipande chake mapema, irabu na mahadhi, kama mwanafunzi wa madrasa anavyopitishwa na mwalimu wake sura kwa sura. Na hagusi maandishi kwa kidole. Anafuatisha mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, ambacho ncha yake imechongwa mkono mdogo ukinyoosha kidole cha shahada.

Kabati hilo huwekwa upande wa Yerusalemu. Ni kibla chao. Myahudi wa London huelekea mashariki na vitabu vingi huandika hivyo, kana kwamba dunia yote iko Ulaya. Lakini Nairobi iko kusini, karibu moja kwa moja chini ya Yerusalemu kwenye ramani, kwa hiyo huku mtu husali akielekea kaskazini, akipinda kidogo sana kushoto. Msikiti wa Jamia uko mjini humo humo, si mbali. Wanaoswali pale wakielekea Makka nao huelekea kaskazini, wakipinda kidogo kulia. Tofauti ya pande hizo mbili ukiwa Nairobi ni ndogo kiasi kwamba watu wawili wakisimama bega kwa bega, mmoja kwa kila kibla, utadhani wako safu moja.

Kuna jambo jingine ambalo Mswahili atalielewa haraka kuliko Mzungu. Sabato ya Wayahudi ni Jumamosi, lakini huanza Ijumaa jua linapozama, kwa kuwa siku yao huanza magharibi na usiku ndio unaotangulia mchana. Sisi tunahesabu hivyo hivyo. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kuzama, na mtu wa Pwani akisema "usiku wa Ijumaa" kwa mazoea ya zamani ana maana ya usiku unaoamkia Ijumaa. London, Sabato ya Desemba inawakuta watu kabla ya saa kumi jioni na ile ya Juni baada ya saa tatu usiku, na kila wiki lazima watazame jedwali. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Mishumaa ya Ijumaa huwashwa karibu wakati ule ule, Januari hadi Desemba.

Kwa nini basi mabawabu?

Kwa sababu ya mambo yaliyotokea kweli. Julai 1976 ndege za Israel zilizokwenda Entebbe, Uganda, kuwaokoa mateka zilisimama Nairobi kujaza mafuta wakati wa kurudi. Desemba 31, 1980, bomu lililipuka katika hoteli ya Norfolk, iliyohusishwa na familia ya Block, likaua watu zaidi ya 15 waliokuwa wakiusubiri mwaka mpya. Novemba 28, 2002, huko Kikambala kaskazini mwa Mombasa, gari lenye mabomu liliingizwa katika hoteli iliyokuwa ikipokea Waisraeli. Walikufa watu 13 mbali na washambuliaji, na 10 kati yao walikuwa Wakenya, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni. Tangu siku hizo, anayetaka kuzuru sinagogi huomba mapema na kuonyesha kitambulisho. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye maduka ya Westgate, Nairobi, mwaka 2013, hata makanisa yetu makubwa mjini yana vigundua chuma mlangoni.

Na kuhusu dai la ubalozi, kuna kipimo rahisi. Novemba 1973 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel, kama zilivyofanya nchi nyingi za Afrika baada ya vita vya Israel na nchi za Kiarabu vya mwezi uliotangulia. Uhusiano haukurejeshwa hadi mwishoni mwa 1988. Kwa miaka 15 hapakuwa na balozi wa Israel Nairobi. Sinagogi iliendelea na sala zake. Tawi la ubalozi lingefungwa siku ile ile.

Lililobaki ni dai kwamba Myahudi ni lazima awe Mzungu. Wayahudi wa Yemeni, Iraki na Ethiopia wangelishangaa. Karibu zaidi na sisi, huko Mbale mashariki mwa Uganda, wapo Abayudaya. Babu zao walimfuata Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, akavunjwa moyo nao, akaisoma Biblia kwa makini na kufikia mwaka 1919 akashika sheria ya Musa pamoja na watu wake. Idi Amin alipiga marufuku dini hiyo, wengi wakaiacha, wachache wakashika kwa siri. Mwaka 2002 mamia yao walipokewa rasmi na marabi wa mkondo wa Conservative, mmoja wa ile mikondo mingine ya Kiyahudi. Mkondo wa Orthodoksi, wa Nairobi ukiwemo, hauutambui utaratibu huo, na jambo hilo linauma pande zote mbili. Kenya nayo ina kundi dogo la Waafrika wanaoishi Kiyahudi huko Kasuku, Nyandarua. Hawa ni tofauti kabisa na yale makanisa yetu yanayopeperusha bendera ya Israel au kuchora nyota ya Daudi ukutani. Wale ni Wakristo. Nyota mlangoni haifanyi sinagogi, kama vile kanzu haifanyi kadhi.

Baada ya uhuru wengi waliondoka, wengine wakachukua uraia wa Kenya, wakabaki. Nafasi za waliokwenda zilijazwa kidogo kidogo na watu wa mashirika ya kimataifa, wahandisi, wafanyabiashara, wanafunzi, wasafiri. Leo jumuiya ni ya mia chache tu, na wengi ni wa kuja na kuondoka. Kwa hiyo lile swali la 1904 halijatoka: wako wangapi?

Na hawaulizi kwa namba. Kwa desturi yao si vizuri kunyooshea watu vidole na kusema moja, mbili, tatu, jambo ambalo bibi zetu wengi waliokataza kuhesabu watoto au ng'ombe wangekubaliana nalo. Badala yake hutumia mstari wa Zaburi ya 28, ule wa tisa, unaoanza "Uwaokoe watu wako, uubariki urithi wako." Kwa Kiebrania mstari huo una maneno kumi kamili. Anayehesabu huusoma polepole huku akiwapitia waliopo kwa macho, neno moja kwa kila mtu. Wakiwa tisa, mstari unakatika kwenye neno "hadi," na wanasubiri, wakitazama mlango. Yule wa kumi, awe mzee wa Nairobi aliyezaliwa humu humu au mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi, neno lake ni "milele." Akishaketi, sala inaanza.